Vanishi Juu ya Shaba ya Mama

Jumapili, 3 Septemba 1972

Swali ambalo limenisumbua kwa muda mrefu ni dogo, na labda ndiyo sababu sijalijibu: shaba huharibiwa na kuguswa, au na kutoguswa? Leo tena nimesugua vyombo vya marehemu mama. Ukwaju, majivu, maji ya kisima, jua. Sinia kubwa, mirashi miwili ya kunyunyizia marashi, birika la kunawia. Wiki mbili zilizopita viling'aa. Leo vilikuwa vimeingia weusi wa chumvi ya bahari ya hapa Mikindani. Asubuhi nzima. Peke yangu.

Kikemia jibu ni rahisi. Nalifundisha kidato cha tatu: hewa, unyevu, chumvi. Zuia hewa, shaba itabaki. Sina imani na majibu rahisi, lakini hili naweza kulijaribu.

Tarehe 23 anaolewa Rukia, binti wa jirani yangu Bi Mwanahawa. Vyombo vya mama ndivyo vya shughuli zote za mtaa huu, harusi na misiba. Mama alipofariki mwaka jana nilirudi Mtwara, kwenye shule ninayofundisha, kabla ya kuanua tanga, kwa sababu ya mitihani. Tangu hapo hakuna aliyebisha hodi kwangu. Nataka wanipokee kama walivyompokea mama. Nimeliandika wazi ili nisijidanganye.

Jumanne, 5 Septemba

Baada ya vipindi nilipita mtaa wa Rahaleo kwa fundi wa makabati. Nikaomba vanishi isiyo na rangi. Akauliza ni ya mlango au ya meza. Nikamwambia ni ya sinia.

Alicheka mpaka akaweka randa chini. "Dada mwalimu, sinia nalo linaogopa mvua?"

Nikamweleza habari za hewa na chumvi. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema mke wake akisikia atamtaka aipake na sufuria. Akanipimia chupa moja, na spiriti ya kusafishia. Ndiyo mazungumzo marefu zaidi niliyofanya wiki hii nje ya darasa. Nimeyakumbuka njia nzima ndani ya basi.

Jumamosi, 9 Septemba

Kazi imekwisha. Nieleze, ili nikikosea nijue wapi.

Kusugua. Kuosha kwa sabuni. Kufuta kwa spiriti, kwani mafuta ya kidole yakibaki chini ya vanishi yatachora alama isiyofutika. Kuanzia hapo nilishika kila kitu kwa kitambaa. Kuanika juani hadi shaba ipate joto. Kisha vanishi, nyepesi, brashi ikienda upande mmoja tu. Kusubiri. Mkono wa pili wa vanishi.

Chetezo cha kufukizia udi nimekiacha, makaa yangeiunguza vanishi.

Jua la alasiri lilipopiga sinia, niliona uso wangu wote. Nilifurahi. Nikageuka kumwonyesha mtu.

Alhamisi, 14 Septemba

Hakuna doa. Siku tano, na upepo wa baharini kila jioni.

Nimekula ugali na kisamvu, nimesahihisha madaftari arobaini. Nyumba kimya. Nikakohoa ili nisikie sauti.

Jumatano, 20 Septemba

Wamekuja.

Sikuwa nimewaalika. Alasiri nilisikia hodi, nikafungua: Bi Mwanahawa na wanawake watano, na mkeka, na ukwaju katika kibakuli, na makumbi ya nazi. Walikuja kusugua vyombo vya harusi. Nilikumbuka kuwa walikuwa wakifanya hivyo zama za mama, nikiwa mdogo, kabla ya bweni. Siku zote nilidhani ni kazi tu. Kazi ambayo mtu mwema angewapunguzia.

"Shikamooni," nikasema, "leo mtapumzika." Nikaondoa kitambaa nilichofunikia vyombo.

Mng'ao ule! Mmoja aligusa mrashi kwa kidole, akakitazama kidole chake. Nikaeleza vanishi. Nilieleza kwa kirefu, Mungu anisamehe, kama niko ubaoni.

Bi Mwanahawa akasema taratibu, "Basi umetumalizia, mwanangu. Ahsante."

Nikasema chai iko jikoni. Wakasema wana mambo mengi ya harusi. Wakachukua vyombo. Mkeka haukukunjuliwa. Hata dakika kumi hazikutimia.

Nimekunywa chai ya watu saba kadiri nilivyoweza. Iliyobaki nimemwaga.

Alhamisi, 21 Septemba

Mama Salima, jirani anayeuza vitumbua kituo cha basi, hana tabia ya kufunika maneno. Nilimuuliza nimekosea nini.

"We mwalimu umesoma mpaka umepitiliza," akasema, akigeuza kitumbua. "Mwenye vyombo huviacha vichafu makusudi. Ukivikuta visafi, umeambiwa usikae."

Akanieleza mengine huku abiria wakisubiri vitumbua vyao. Kwenye mkeka ule ndipo wanawake hupatanisha yaliyokaa vifuani kabla ya shughuli. Mwenye kinyongo hukaa karibu na aliyemkosea, wanasugua chombo kimoja, na kabla hakijang'aa neno limeshatoka. Jana Bi Mwanahawa alikusudia kusugua sinia pamoja nami. Neno lake lilikuwa la matanga ya mama, niliyoyaacha kabla hayajaisha.

"Na mimi ningemjibu nini?" nikauliza.

"Mie ntajuaje? Ungesugua tu."

Darasani leo nilikosea mlinganyo rahisi. Mwanafunzi akanisahihisha.

Mama alikuwa akiviacha vyombo vyeusi miezi na miezi. Nilipokuja likizo niliona aibu. Nilidhani ni uvivu.

Jumamosi, 23 Septemba

Nimekwenda harusini. Nilikaa karibu na mlango. Rukia amependeza. Marashi yalipofika kwangu yalinyunyizwa kwa usawa na wengine, si zaidi, si pungufu.

Mgeni kutoka Mpapura akasifu: "Vyombo hivi kama vimetoka dukani leo!" Wanawake wa mtaa wakaangalia chini. Nami pia.

Jumatatu, 25 Septemba

Bi Mwanahawa amerudisha vyombo mwenyewe. Vimeoshwa. Vimesuguliwa. Baada ya pilau mtu, au watu, wameshika majivu na makumbi kama siku zote, na vanishi imechubuka kwa miduara, sinia zima. Mahali pengine imebaki, mahali pengine shaba iko wazi.

"Naona kama limeparuzika," akasema, amesimama kizingitini. "Ni mikono yetu tu, mwanangu, haikuzoea."

Nikasema si kitu. Nilitaka kusema habari ya matanga. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga tangu Alhamisi. Lakini mikono yake ilikuwa mitupu na yangu imebeba sinia, na sikujua neno kama hilo husemwaje watu wakiwa wamesimama.

Akaaga.

Jumapili, 8 Oktoba

Ramadhani ni kesho au keshokutwa. Mtaa unatwanga na kupepeta. Mimi sina wa kumpikia futari, lakini nimenunua tende.

Palipochubuka, sinia limekuwa jeusi. Penye vanishi, linang'aa. Kwa hiyo jaribio limefaulu, nikitaka kulisoma hivyo.

Sijui kama walisugua kwa mazoea au kwa kukusudia. Siwezi kujua: mkono uliosugua miaka thelathini hauhitaji kusudi, na nikiuliza nitajibiwa kwa adabu. Sijui pia kama mimi nilitaka kuwafurahisha. Huenda sehemu yangu ilitaka waone kwamba nyumba hii inajitosheleza. Nimelifikiria hilo siku nyingi na kila siku napata jibu tofauti.

Spiriti ipo. Kuondoa vanishi iliyobaki ni kazi ya alasiri moja, kisha ni kuacha vyombo vififie, na kungoja shughuli nyingine. Sijaanza. Vikiwa vyeusi vyote na bado asije mtu, nitakuwa nimejibiwa. Leo bado sijajibiwa, na nimegundua kwamba hali hiyo naiweza.