Kibanda cha Kushonea na Gari la Donat

Jumapili, Juni 1954

Limefika, hilo siwezi kulikana.

Shemeji yangu Donat amemaliza mwaka akiunga gari la vipande ndani ya kibanda ambamo dada yangu Mado alikuwa akishonea nguo. Walipatana mbele yangu: gari likimfikisha misa leo, kibanda kinabaki cha Donat. Lisipomfikisha, mashine ya kushona inarudi.

Vipande vingi vilitoka Rodezia, ambako usukani hukaa kulia, si kushoto kama huku kwetu. Donat hakuona ubaya. Polisi aliuona, karibu na kanisa. Alikuja upande wa kushoto, akamdai Mado permis ya kuendesha.

“Baba, mie najikalia tu,” Mado alisema. “Anayeendesha ni huyu bwana yangu.”

“Mwenye kuendesha anakaaka kushoto. Zimeni moteri, musukume.”

Tukasukuma, mimi, Donat na wanakwaya wanne, Mado ndani ametulia kama askofu. Mlangoni pa kanisa wote wakanigeukia, naye Mado akaniuliza:

“Yaya, mukubwa wangu, wee muandishi wa gazeti, sema kweli. Gari imenifikisha, ao ni hawa bantu wa kusukuma?”

Nikajibu, “Gari imefika, na wewe uko ndani.”

Hakuna neno la uongo hapo. Donat alicheka mpaka kengele ikalia. Mado alishuka bila kunitazama, naye ndiye aliyefanyia kazi katika kibanda kile miaka sita.

Sikutaja kwamba Donat ameniahidi kunipeleka gazetini kila asubuhi. Hakuna aliyeniuliza.