Maneno ya Mama Kwenye Simu ya Soni

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia tena, ila ningeanza bila shikamoo ungenikata jicho huko huko uliko.

Nakuandikia kutoka Melbourne, Australia, ninakofanya kazi ya sheria ya mawasiliano. Nalipwa kubishana juu ya nani ana haki ya kusoma ujumbe wa mwenzake, au kusikiliza simu yake. Juzi mwajiri mmoja alitaka kusoma barua pepe binafsi za wafanyakazi wake. Nilimkatalia mpaka akanuna, na muda wote nilikuwa nakuona wewe, umekaa kwenye stuli ndani ya kile chumba cha simu pale Soni, kanga kichwani, kimya.

Unakumbuka watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kuendesha simu za kulipia? Soni yote ilikuja kwako. Siku ile mama alikuomba umpigie kaka yake Dar es Salaam, mimi akanitoa nje, barazani. Mvua ilipiga bati, sikusikia kitu. Baadaye uliniambia jambo moja tu, tena huku unacheka: mazungumzo yalipokuwa mazito, mama alijisahau, akahamia Kishambaa ili usielewe. Usielewe wewe, Mshambaa wa Gare!

Haikupita wiki, mjomba akaleta habari kwamba amenipatia nafasi ya sekondari Tanga. Baba alishasema nimesoma vya kutosha. Akajua mama alipiga simu, akaja moja kwa moja kwako. Kwetu dada wa mume ndiye macho ya kaka yake, kwa hiyo hakuwa na shaka. Alitaka kujua mke wake kamsema vipi kwa watu wa kwao.

"Mimi nauza simu," ulimjibu. "Maneno ni ya mwenyewe."

Chumba cha simu kilikuwa cha baba, akakifunga. Ukarudi kuuza kabichi kando ya barabara ya Mombo, na kaka yako akawa anakupita kama hakujui. Hasira zake zote zilihamia kwako, sisi tukapata upenyo, nikaenda shule. Hukuwahi kunilaumu. Nikija likizo ulinijazia matunda ya plamu mifukoni na kuniuliza masomo yanaendaje, basi. Asante, shangazi. Nilizoea kukushukuru kwa plamu, na hili kubwa sikulitamka ukiwa hai. Sheria nimesomea vyuoni, lakini moyo wa kuilinda nimeupata kwako, na sioni haya kusema hivyo.

Mama naye ametutoka. Wiki iliyopita baba alinipigia, tukawa tunaonana usoni kwenye simu. Amezeeka, sauti imepungua. Alizunguka weee, akauliza hali ya hewa ya huku, akauliza wajukuu, mwisho akatoa lililomleta: siku ile mama alisema nini juu yake? Alimtukana? Nikamwambia sijui, nilikuwa barazani. Aliyesikia ni wewe, na hukumwambia mtu, hata mimi.

Aliisogeza simu karibu na uso.

"Basi, dada alifanya vizuri," akasema. "Kwa hasira zangu za siku zile, ningeyasikia, nisingekaa na mama yako mpaka uzeeni."

Pumzika, shangazi.

Ni mimi, binti wa kaka yako