Platini za Mzee Yusuph

Old Moshi, 16 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na ndama ananyonya vizuri. Mimi ni mzima. Leo nimejiahidi kukuandikia yote bila kuficha, hata yanayoniaibisha.

Rahma, binti wa Mzee Yusuph mwenye duka la vitambaa, tunalala naye kitanda kimoja cha deka, yeye juu, mimi chini. Jumapili alifika shuleni kwa miguu, amelowa chapachapa, baba yake nyuma amejitwika sanduku. Gari lao lilizimika mlimani, ile Corolla uliyoifungia injini nyingine. Bwenini akasema mbele ya wote, “Tangu fundi Sirili aliguse, gari letu linakwenda kwa dua tu.” Wakacheka sana.

Baba, nimjibu nini?

Binti yako,
Lukresia

Shirimatunda, 23 Julai 2024

Mwanangu Lukresia,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima, mama yako anakusalimia, ndama kaanza kutafuna majani. Usilie kwa maneno ya watoto. Injini niliyofunga ni nzima. Ni ya aina ya zamani kuliko ile iliyokufa, inatumia platini, vile vidude vinavyofunguka na kujifunga ili plagi zitoe moto. Zinaungua kila mara kwa sababu Yusuph ananunua mwenyewe, za bei chee. Mwambie huyo mwenzako kuwa baba yake ananunua platini feki.

Soma kwa bidii.

Baba yako,
Sirili

Old Moshi, 5 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Sijambo, ila mafua kidogo. Mama mpe salamu zangu.

Nilimwambia, tena kwa sauti, kwenye foleni ya makande. Sasa bweni zima linamwita Rahma “Feki”, hata wale wa kidato cha kwanza. Hajibu. Anakunja kanga yake, anapanda kitandani.

Madam Eliona anatufundisha umeme kwenye fizikia. Nilimuuliza kuhusu platini, nikitaka kuwa na hakika. Akasema hata platini nzuri huungua zikipitishiwa umeme mwingi kuliko zinavyoweza kubeba, na kwamba gari ambalo injini yake ya awali haikuwa na platini huwa na koili, kile kifaa kinachoukuza umeme wa plagi, inayopitisha umeme mwingi. Akaniuliza ulifunga koili ipi. Sikujua.

Uliweka koili iliyokuja na injini, baba, au uliiacha ile ya gari?

Binti yako,
Lukresia

Shirimatunda, 2 Septemba 2024

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo. Nimechelewa kukujibu, wala si kwa sababu ya kazi.

Niliiacha ile ya gari. Ilikuwa bado mpya, nikaona haina neno. Nilianza kushuku kabla ya barua yako ya kwanza, lakini nilikuwa nimeshamlaumu Yusuph mbele ya mafundi wote. Wiki iliyopita nimemfungia koili ya injini za platini, nikamwambia nimebadilisha platini tu. Sasa gari linapanda Machame bila kukohoa. Kaniletea tende, kanishukuru mpaka nikaangalia chini.

Fundi akisema amekosea, kesho gereji ni tupu. Yaishe hapo, mwanangu.

Baba yako

Old Moshi, 8 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Namshukuru Mungu mko salama. Barua yako nimeisomea nyuma ya jiko la shule, sikutaka mtu anione usoni.

Jana Rahma alishuka kitandani akakaa karibu yangu. Baba yake kamwandikia kuwa gari limepona. “Anasema baba yako ni fundi wa kweli,” akaniambia. “Nisamehe kwa yale ya dua. Kumbe makosa yalikuwa yetu.” Akanipa nusu ya kashata yake. Niliishika tu mpaka ikalainika kiganjani.

Mara mtu akaita mlangoni, “Feki! Zamu yako ya kuteka maji!” Naye akaitika.

Baba, mimi ndiye niliyempa jina hilo, na siwezi kulifuta bila kusema yako. Wewe ni fundi mzuri, najua. Nadhani Mzee Yusuph naye atajua, ukimwambia mwenyewe. Jumapili ijayo ni siku ya wazazi na atakuja.

Nijibu upesi, tafadhali: utamwambia wewe kabla hajafika huku, au nimwambie Rahma mimi?

Binti yako,
Lukresia