Dume la Kahawia Lililoandikwa Jeusi

KITUO CHA POLISI CHA WILAYA YA PUCACCASA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rufino Quillahuamán Sutta
Umri: Miaka 41
Kazi: Mchungaji wa kuajiriwa
Makazi: Zizi la Mama Saturnina Mayhua, uwanda wa Ccolpani
Elimu: Darasa la nne

Leo ni Jumatatu, tarehe 10 Julai 2023, saa 3:15 asubuhi. Ni miaka miwili na miezi minne tangu nitoke kwetu Quillabamba, kwenye joto, baada ya ugonjwa wa kutu ya majani kuimaliza kahawa yetu. Nilikuja huku juu kwa miezi mitatu tu. Nimeonywa na Sajini Yanet Arpita kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa. Kusoma najua kidogo, kwa hiyo yeye anaandika na mimi nasema.

Nimeitwa kwa sababu Bwana Melecio Condorpusa, jirani yetu, anadai kwamba Mama Saturnina, mwajiri wangu, amemwibia alpaka dume, mnyama wa sufu, na kumtia alama. Mama yuko chumba cha pili. Ana miaka sabini na moja. Mtu akihukumiwa kwa wizi wa mifugo huku, mkutano wa kijiji unamnyang'anya malisho, na bila malisho Mama hana pa kwenda. Ninayajua mambo mengi ya dume yule, lakini nikiyaweka pamoja hayakai sawa. Nitayasema kama yalivyotokea.

Macho ya Mama yana ukungu. Anaona mwanga na kivuli, basi. Kila jioni husimama kwenye mlango wa zizi, wanyama wakipita anawagusa mgongoni mmoja mmoja na kuwataja majina. Watu wa huku hawahesabu mifugo, wanasema ukiihesabu unaiita mauti ije kuchukua chake. Mimi siwezi kujua majina yote yale. Kwetu tunahesabu magunia, na mimi nahesabu wanyama hivyo hivyo, kimoyomoyo, ili asisikie. Alijua. Siku moja aliniambia, "Wewe mtu wa ndizi, hawa si viazi."

Mnamo tarehe 17 Januari mwaka huu, siku ya Jumanne, nilikuwa na kundi upande wa kinamasi cha Ccolpani. Saa 9 alasiri hivi ilianza mvua ya mawe. Ardhi yote ikawa nyeupe, kinamasi hakionekani tena kilipoanzia wala kilipoishia. Radi ilipiga mara mbili karibu nami. Kundi letu lilitawanyika, na kundi la Bwana Melecio, lililokuwa ng'ambo ya kijito na mkewe, nalo likatawanyika. Nilikimbia huku na huku kwa muda wa saa moja na nusu. Saa 12 kasorobo niliwafikisha zizini.

Siku hiyo Mama alikuwa kitandani na homa ya kifua, hakuweza kusimama mlangoni. Nilisimama mimi. Niliwahesabu wakiingia. Walikuwa sitini na wanne, na asubuhi walitoka sitini na wanne. Nilihesabu tena kwa kibatari. Sitini na wanne. Nikaenda kumwambia Mama wote wapo. Akaniuliza kama nimewataja. Nilisema ndiyo. Hapo nilidanganya, na Sajini aandike hivyo.

Kuna jambo lingine lililonifanya niamini. Tuna lama mlinzi, mnyama wa jamii ya alpaka lakini mkubwa zaidi, dume aliyehasiwa, tunamwita Kapitani. Hapendi mgeni. Mbwa akisogea anamkanyaga, na alpaka wa kundi lingine akichanganyika na letu anamtemea mate na kumfukuza mbali. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi. Jioni ile alisimama kando ya mlango, wote wakapita, hakumgusa yeyote. Nikajiambia, kama kuna mgeni Kapitani angemjua.

Mnamo tarehe 20 Januari, saa 5 asubuhi, Bwana Melecio alikuja. Alikuwa amerudi kutoka kazini mgodini baada ya miezi mitano. Aliniuliza kama nimeona dume mweusi wa mwaka mmoja, ambaye bado hajatiwa alama ya sikio. Nilimwambia hatuna mweusi hata mmoja. Ilikuwa kweli kwa macho yangu. Kundi la Mama ni weupe, wa rangi ya maziwa, na wa kahawia tisa. Yeye mwenyewe aliegemea ukuta wa mawe akaangalia kundi zima. Kapitani alimjia akamnusa shingoni. Bwana Melecio alicheka, akasema, "Huyu bado ananikumbuka." Akaenda zake. Sikumuuliza alikuwa na maana gani.

Mama alipona baada ya siku nane na kurudi mlangoni. Jioni ya kwanza alimshika dume mmoja wa kahawia, akamwachia, akamshika tena. Akasema, "Huyu amebadilika. Sufu yake imekuwa laini zaidi." Nilimwambia labda ni mawe ya mvua yamemlainisha. Hakucheka. Akaniuliza tena kama siku ile wote waliingia. Nilimjibu, "Wako sitini na wanne, mama. Nimehesabu mara tatu." Alimwachia dume yule apite. Kisha akasema, "Basi, kama umehesabu."

Sajini ameniuliza kama Mama alijua kwamba mnyama si wake. Sijui. Mikono yake ilijua kitu, mimi nikaibishia. Ndivyo ninavyoweza kusema.

Wakati wa Kanivali, mwezi Februari, tulitia alama madume wa mwaka mmoja. Mama alikata sikio la kushoto kwa mkono wake, nami nilimshika mnyama. Dume yule alikuwa miongoni mwao. Mwezi Machi niliona ana kovu ndani ya paja la nyuma. Nilidhani ni waya wa uzio.

Jana, Jumapili tarehe 9 Julai, tulimleta kwenye maonyesho ya mifugo ya wilaya. Mama alikuwa na furaha. Alisema mikono yake haijapata kushika sufu kama ile tangu mumewe afariki. Saa 2:30 asubuhi tulifika kwenye meza ya kuandikisha. Karani aliuliza rangi. Mama aliniambia, "Sema wewe, macho ni yako." Nilisema kahawia iliyoiva, mwili mzima, hana doa. Wakamfunga utepe wa kahawia.

Saa 4:10 mwamuzi, mama mmoja kutoka mjini, alifika kwenye safu yetu. Hakuangalia mnyama kwa nje. Aliingiza mikono miwili ubavuni akaipasua sufu hadi kwenye ngozi. Akaniita niangalie. Kwa nje ilikuwa kahawia, lakini ndani, tangu nusu ya urefu wa sufu hadi ngozini, ilikuwa nyeusi kama chungu cha kupikia. Mwamuzi alisema, "Huyu ni mweusi. Jua limemuunguza ncha tu, wachanga huwa hivyo. Rangi inasomwa kwenye shina." Akatoa utepe wa kahawia, akaandika nyeusi, akaniamuru nimpeleke kwenye safu ya weusi.

Nilienda. Sikuelewa, nilidhani ni heshima. Mama alinishika mkono njiani akaniuliza kwa nini tunahama. Nilimwambia mnyama wetu ni mweusi. Alisimama. Alisema, "Sijawahi kuzalisha mweusi."

Kwenye safu ya weusi alikuwepo Bwana Melecio na majike wake wawili. Alimtazama dume, akapiga goti, akapitisha mkono ndani ya paja. Kovu lile lilikuwa la jino la mbweha. Alisema alimshona yeye mwenyewe kwa uzi wa gunia, mnyama akiwa na miezi minne. Kisha akashika sikio. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama Saturnina, umekata sikio la mnyama wangu."

Mama alimjibu, "Melecio, mwanangu, nilikushika ulipobatizwa. Nitakuibia?"

Yeye akanigeukia mimi. "Na wewe, mtu wa ndizi, uliniambia hakuna mweusi. Hapo ukutani, ukinitazama machoni." Watu walikuwa wamekusanyika. Mmoja alisema wa mabondeni wanajua kuhesabu migomba tu. Saa 5 kasoro dakika chache askari walifika.

Jana jioni, kwenye benchi la hapa nje, Mama aliniuliza habari za siku ya mawe. Nikasema tena sitini na wanne. Akasema, "Sikukuuliza walikuwa wangapi. Nakuuliza walikuwa akina nani."

Sikulala. Nimefikiria mambo mawili, na naomba yaandikwe, ingawa sina hakika kama nafikiri sawasawa.

La kwanza, Kapitani. Asubuhi hii Mama ameniambia kwamba lama huyo alinunuliwa kwa mke wa Bwana Melecio, mumewe akiwa mgodini. Alikuja kwetu mwezi Novemba tu, mimi nikiwa nimeenda kusaidia shereheni kijiji kingine, na nilidhani ametoka sokoni. Dume yule alikuwa ameshazaliwa kwao na alilindwa na Kapitani huyo huyo miezi kumi. Kwa hiyo hakuwa mgeni kwake. Kapitani hakukosea. Mimi ndiye nilimfanya shahidi wa jambo asilolijua.

La pili, hesabu. Kama walioingia walikuwa sitini na wanne, na mmoja alikuwa wa Bwana Melecio, basi wa Mama walikuwa sitini na watatu. Wake mmoja hakurudi. Ni dume wa kahawia wa mwaka mmoja, mwenye sufu laini kidogo kuliko ya wengine, Mama alimwita Sonqo. Hakuna aliyemtafuta, kwa sababu mimi nilisema yupo. Nadhani yuko kwenye kinamasi, alizama mawe yalipofunika maji. Tope lile ni baridi, halili ngozi haraka. Ninaomba akatafutwe. Akipatikana, ipasuliwe sufu yake kama alivyofanya mwamuzi. Itakuwa kahawia hadi kwenye shina, na sikio lake la kushoto litakuwa zima. Hapo itajulikana kwamba Mama alipoteza mnyama, hakuiba. Asipopatikana, kosa la kusema wote wapo ni langu, niandikwe mimi.

Kinamasi sasa kimeganda juu. Hakipasuki hadi mwisho wa Agosti. Nilimwambia mke wangu, Eusebia, kwamba nitafika kabla ya sikukuu ya taifa ya tarehe 28 mwezi huu. Naomba apigiwe simu na kituo cha kwetu aambiwe sitafika. Nitabaki nichimbe. Nitarudi nyumbani Septemba, kama Sonqo atakuwa ametoka.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya, na nisiyoyaelewa nimesema siyaelewi. Nimesomewa, ni maneno yangu.

Sahihi: Rufino Quillahuamán S. (pamoja na alama ya dole gumba la kulia)

MAELEZO YA ASKARI: Nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu, nikamsomea shahidi kwa lugha anayoielewa. Yamekamilika saa 5:20 asubuhi. Mlalamikaji, Melecio Condorpusa, ameulizwa kama anapinga kinamasi kusakwa. Hapingi. Ameuliza kama lazima kungoja Agosti, akasema ana sururu mbili nyumbani.

Sajini Y. Arpita