Dereva wa Pili wa Gari Jekundu

Jumapili, 14 Mei 1961

Misa, kisha bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, kisha magazeti. Kila Jumapili hivyo, na bado moyo unanienda mbio kama siku ya kwanza. Wiki ya tano ya ndoa! Placide ananawa mikono kwa petroli na mchanga, mimi nasoma. Ni magazeti ya mbio za magari kutoka Ubelgiji. Bwana Delcour, mwenye gereji anamofanya kazi, akiyamaliza anampa Placide, nami nayageuza Kiswahili. Placide anakisikia Kifaransa vizuri, ila kukisoma kunamchosha. Masista walinifundisha kusoma maisha ya watakatifu. Wangejua leo nasoma habari za kabureta!

Tumegombana juu ya sheria mpya ya injini ndogo huko Ulaya. Mimi naipenda. Gari likipungua nguvu, dereva lazima aongeze akili. Placide anasema mbio bila nguvu ni bukari bila mboga. Nikamwambia Waingereza wameshaweka injini nyuma ya mgongo wa dereva na Waitalia walisitasita mpaka mwaka huu, na hao ndio timu yake. Akacheka mpaka maji yakamwagika. Mungu wangu, ninavyompenda akicheka.

Habari kubwa nimeiacha mwisho. Mashindano ya magari ya saa sita mfululizo yatafanyika hapa mjini tarehe 30 Julai, hata na mambo yote haya ya askari na vizuizi tangu jimbo letu lijitangazie uhuru wake. Sheria ya Klabu ya magari: kila gari madereva wawili, na hakuna anayeshika usukani zaidi ya saa mbili mfululizo. Shemeji yake Delcour, aliyekuwa dereva wa pili wa gari lake, alikimbilia Ubelgiji mwaka jana. Kiti kiko wazi.

Sisemi kitu. Naomba tu.

Jumatano, 17 Mei

Ni Placide! Ni Placide! Ni Placide!

Delcour alimwambia wakiwa chini ya gari, wote wawili wamelala chali kwenye mafuta. Hakuna sherehe. "Placide, tarehe thelathini utaendesha na miye." Basi. Akaomba spana.

Miaka saba Placide amelitibu gari lile jekundu. Anajua ugonjwa wake: gia ya pili. Inataka kungojewa kidogo, kisha inaingia yenyewe. Ukiilazimisha, inavunja meno. Delcour ni dereva hodari, jasiri, lakini hana subira, na akishika breki anashika mapema mno. Placide angemshinda kila kona. Hilo ni wazo langu, si lake. Yeye hawezi kusema hivyo.

Sijawahi kuona mtu mweusi akishika usukani katika mbio za mji huu. Tunasukuma, tunajaza mafuta, tunapiga makofi nyuma ya kamba. Mume wangu ataendesha.

Sikula. Furaha imejaa tumboni.

Jumamosi, 20 Mei

Fomu ya leseni ya mbio imefika. Delcour alimpa Placide aje nayo nyumbani, maana amesikia sifa za mwandiko wangu. Placide alikwenda kumsaidia jirani na baiskeli. Nikaona nimfanyie jambo zuri: akirudi, aikute imekwisha.

Niliandika kwa kalamu niliyopewa siku ya diploma. Jina. Kazi. Miaka. Ndoa: ndiyo! Niliandika jina langu pale polepole sana, Godeliva, nikaliangalia.

Penye asili ya mwombaji nilijivuna kabisa. Siku nilipoingia kwa mama mkwe mara ya kwanza, alinisimamisha mlangoni mbele ya shangazi wote. "Huyu mutoto wa reli atajua nini ya kwetu?" Baba yangu ni mtu wa reli, wa kaskazini, wao ni watu wa Kasai, jimbo jirani. Kwao bibi mpya hakai kabla hajataja watu wa bwana wake. Nikamtajia: baba wa Placide, babu, ukoo, kijiji kando ya mto Lubilanji. Sikukosa hata kimoja. Shangazi wakapiga vigelegele, yeye akageuka ili nisimwone akitabasamu.

Basi nimeandika yote hayo kwenye fomu. Mstari mzima, na nusu ya mstari wa chini. Placide aliporudi alitia sahihi bila kusoma. Alinibusu kwenye utosi, akanipaka grisi.

Jumanne, 6 Juni

Asubuhi baridi, moshi kinywani. Delcour alimruhusu Placide ajaribu gari kwenye barabara ya Naviundu kabla ya malori kuanza. Nilisimama kando ya njia na shali ya mama.

Timu za mwaka huu, kwa maoni yangu. Ndugu wawili Wagiriki, wauza samaki: gari zee, lakini hawana haraka na wanajua hesabu ya mafuta. Shida yao ni kutukanana wakibadilishana usukani. Wale wa kampuni ya bia: gari jipya, madereva wa picha, wanaendesha kwa ajili ya wanawake. Daktari na mwanawe: hawatamaliza. Sisi: tutashinda kama Delcour atamwachia Placide saa mbili za katikati, wakati joto linapochosha gari.

Placide alipita mbele yangu mara nne. Kwenye kona ya daraja haisikiki hata kelele ya gia. Kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Nililia. Kwa raha tu.

Jumatatu, 3 Julai

Leseni haijafika. Ya Delcour ilifika zamani. Wagiriki wamepata, daktari amepata.

Jirani yetu Ba Mukendi, karani, amefukuzwa kazi wiki hii. Hakuiba, hakulewa. Ni wa Kasai. Bibi yake ameanza kufunga vyombo katika mablanketi. Mama mkwe ananiuliza kama kwetu kaskazini kuna nafasi. Kwetu kaskazini askari wanachoma nyumba.

Placide anasema leseni ni jambo la Klabu, na Klabu inaangalia gari, haiangalii watu. Sina hakika. Usiku nasali rozari. Naona aibu kumwomba Bikira leseni ya mbio, lakini naomba.

Alhamisi, 13 Julai

Wamekataa.

Delcour alileta barua mwenyewe, akasimama uani na kofia mkononi. Klabu ilipeleka fomu ofisi fulani ya serikali. Ofisi imejibu kwamba mwombaji ni mgeni na hana ruhusa. Mgeni! Placide alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, Kasai hajaiona kwa macho. Delcour anasema Klabu isingeuliza zaidi kama pangeandikwa mji huu tu. Wengine wameandika hivyo na wamepita.

Fomu ilikuwa nyuma ya barua. Mtu amepiga mstari wa penseli ya buluu chini ya maneno yangu. Lubilanji, mara mbili.

Placide hakuitazama fomu. Alisema ni yule karani wa ofisi ya serikali, anamjua, anachukia watu wa Kasai. Akaenda kulala saa kumi na mbili jioni.

Ni mimi. Ni mkono wangu.

Ijumaa, 14 Julai

Sikumwambia. Nilipika samaki anayempenda. Akala, akashukuru. Afadhali angetupa sahani.

Jumapili, 16 Julai

Magazeti yalikuwa mezani, hayajafunguliwa. Nikamwambia.

"Ba Placide, si karani. Ni miye niliandika."

"Uliandika nini?"

"Mugini ya tata yako, kijiji ya Lubilanji. Ukoo. Yote."

Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Akaendelea kuifunga, akaifungua, akaifunga tena.

"Juu ya nini, bibi?"

"Nilitaka bajue niko bibi yako ya kweli."

Akasema, bila kunitazama: "Haukudanganya. Lakini ungeniuliza tu."

Akatoka. Alirudi jioni na vumbi mpaka magotini. Alitembea mpaka Naviundu na kurudi. Hakunigombeza. Baba yangu angegombeza, angevunja kitu, yakaisha. Huyu wangu hagombezi.

Alhamisi, 20 Julai

Nilikwenda mwenyewe kwa katibu wa Klabu. Nilivaa nguo ya harusi iliyofupishwa. Nikamweleza kwa Kifaransa changu kizuri kwamba kosa ni langu, kwamba alizaliwa hapa, nikaonyesha cheti cha ubatizo. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema Kifaransa changu ni kizuri. Akasema barua ya ofisi imeshaingia kwenye faili, na sheria ni sheria.

Nilikuwa mtu wa sheria mimi. Kila Jumapili nikizitetea: uzito wa gari, saa mbili za usukani, injini kuzimwa wakati wa kujaza mafuta. Niliamini sheria ipo ili mwenye nguvu asimle mnyonge. Leo sijui.

Placide hajui kwamba nilikwenda.

Jumapili, 30 Julai

Mashindano. Niandike yote, kisha nisiandike tena habari hii.

Dereva wa pili wetu ni kijana Mbelgiji wa benki, mwezi wa tatu nchini. Placide alimwonyesha gia ya pili asubuhi yote. Alimshika mkono juu ya rungu la gia: ngoja, ngoja, sasa. Kijana akasema amefahamu, akavaa glavu.

Saa mbili za kwanza Delcour alikuwa wa pili nyuma ya gari la bia. Akaendesha vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Kisha akaingia kijana. Mimi nilikuwa nyuma ya kamba na mama mkwe, aliyekuja na kiti chake. Placide alikuwa kwenye karakana ya njiani, magari yanapojaza mafuta, na ubao wa kuonyesha nambari. Hiyo inaruhusiwa. Fundi haulizwi asili.

Mzunguko wa tatu wa kijana nilimwona Placide akiweka spana chini. Hakuna mwingine aliyesikia kitu kwenye gia. Delcour alikuwa anakunywa limonadi. Mizunguko kumi baadaye gari lilipita likilia kama mbuzi, na kwenye kona ya posta likasimama. Watu wakazomea. Mwanamke mmoja karibu yangu akapiga kelele: "Bwana wa benki, weka ingine! Hii umekwisha kula!" Watu wakacheka. Mama mkwe alicheka pia, kisha akakumbuka, akafunika mdomo kwa leso.

Delcour alimtukana kijana mbele ya wote. Placide alikwenda na kamba, wakalivuta.

Wagiriki walishinda. Wanastahili. Walitukanana mpaka kwenye kombe.

Jumatatu, 31 Julai

Placide analitengeneza gari. Hakuna aliyemwagiza.

Jumanne, 15 Agosti

Siku ya kupalizwa Bikira. Kanisa lilikuwa nusu tupu upande wa watu wa Kasai. Ba Mukendi amehama na watoto, wanalala kwa ndugu, watu saba chumba kimoja, wanasema huko ni salama kwa kuwa watu wa Kasai wako wengi.

Delcour anaondoka. Gereji anaifunga, gari jekundu ameliuza kwa Mzungu mmoja wa Mufulira, ng'ambo ya mpaka, huko Rhodesia. Amemwomba Placide alipeleke mpaka Mokambo, upande wetu wa mpaka. Kulipeleka gari hakuhitaji leseni ya Klabu.

Placide akaja jikoni. Tangu siku ile tunasemezana kama wapangaji wa nyumba moja: chumvi, maji, asante. Akasimama mlangoni.

"Kiti kimoja kiko bure," akasema. "Utaenda na miye?"

Jumamosi, 19 Agosti

Mokambo. Naandika kituoni, juu ya sanduku la sabuni.

Tulitoka na jua. Nilifikiri ataliendesha mbio, walau pale barabara inaponyooka na hakuna mtu. Hakufanya hivyo. Aliendesha polepole, polepole kuliko lori la makaa, akikwepa kila shimo. Vumbi jekundu limejaa masikioni. Katika vizuizi viwili askari walitusimamisha. Wa kwanza alitaka karatasi. Wa pili alitaka kujua kama hili ndilo lililofia posta, akapiga teke gurudumu kwa upendo, akasema yule wa benki apewe baiskeli. Placide akacheka kidogo. Sikuwa nimemsikia mwezi mzima.

Njiani hatukuzungumza sana. Mahali fulani aliweka mkono wangu juu ya rungu la gia, wake juu. Ngoja. Ngoja. Sasa. Ikaingia. Sikujua kitu kinaweza kuwa laini hivyo. Nilimwambia naomba msamaha. Akasema, "Najua." Mkono hakuutoa mpaka kona iliyofuata.

Mnunuzi alikuwa anangoja, mtu mnene, mwekundu, hana Kifaransa wala Kiswahili. Placide alimweleza kwa mikono. Alimpa yote: breki zinazovuta kushoto, mafuta linayoyapenda, gia ya pili. Zaidi ya saa nzima. Ningekuwa mimi ningeficha angalau kimoja.

Yule mtu akaketi, akawasha, akaondoka kuelekea kizuizi cha mpaka. Placide aliinamisha kichwa akisikiliza. Gia ya kwanza. Kimya kifupi. Ya pili, safi kabisa.

"Amesikia," akasema.

Treni ya kutoka Sakania, ya kuturudisha mjini, imechelewa. Amenunua ndizi nne na maji. Amekula moja, sasa anamenya ya pili. Ananipa mimi.