Kinyozi Anajifunza Kamera

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kapiga simu nikiwa na mteja kwenye kiti, kichwa nusu. Nikajua kuna jambo, maana yeye ni mtu wa meseji. Anaolewa! Jumamosi ya tarehe 12 Aprili. Nikashangilia mpaka mteja akashtuka — ndipo akanieleza lililobaki. Mama yake kasema mimi nikikanyaga ukumbini, yeye anatoka. Atakayemkabidhi kwa mume ni Mhasibu, baba yake wa kambo. Naomba usije, baba, akasema, na kilio juu. Nitakutumia picha.

Nikamwambia sawa mama, usilie, siji. Nikauliza tu picha zinapigwa na nani. Akasema studio ile ya jirani na posta.

Nikammalizia mteja nusu iliyobaki. Sijui kama pande mbili zimelingana. Hakulalamika, Mungu ambariki.

Jumatano, 5 Machi

Mimi na mama yake tuliachana binti akiwa na miaka saba. Nilimpeleka mama yake kortini, nikitaka mtoto abaki kwangu. Nikashindwa, na yeye hajanisamehe mpaka leo. Nadhani kwake ni kama nilitaka kumnyang'anya pumzi. Mimi je, yangu nani aliniachia?

Leo nimepita studio ile. Kutazama tu. Dirishani wamebandika tangazo: wanafundisha kamera. Nimejiandikisha! Mwalimu ni dada mmoja wa rika la binti yangu, kavaa viatu vya kukimbilia. Kaniuliza kwa nini nataka kujifunza. Nikasema napenda picha. Uongo mchana kweupe.

Jumatatu, 10 Machi

Somo la tundu la lenzi, linalopitisha mwanga. Namba ndogo, tundu kubwa. Namba kubwa, tundu dogo. Nikabisha. Kwenye mashine yangu ya kunyolea namba kubwa inaacha nywele nyingi, ndiyo akili. Mwalimu kacheka: mzee wangu, hapa usahau saluni.

Halafu kasi ya shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga. Ukiifanya ndogo, mwanga unaingia mwingi, lakini anayetikisika anaharibika. Nimejaribu saluni kwa mteja, na kamera ya kuazima studio, akageuka ghafla — vichwa viwili! Kaniuliza ni kipi nimekinyoa.

Siku ya kwanza kucheka tangu ile simu. Sikudumu nayo. Nilipofunga duka nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikalia kama mtoto, kioo kinanitazama.

Ijumaa, 21 Machi

Mazoezi ya fokasi, kulenga ili sura itoke safi. Uelekeze kidoti kwenye jicho, jicho la karibu, ndipo ubonyeze. Jicho likiwa safi, mengine yote yatasamehewa.

Kaingia baba mmoja na bintiye, picha za hati ya kusafiria. Mwalimu kanipa niwapige kwa mazoezi. Yule binti kamgeukia baba yake, kamwekea kola sawa, kamwambia baba unatutia aibu. Kitu kidogo tu! Nikashindwa kubonyeza. Kioo cha kuchungulia kikajaa ukungu. Mwalimu kadhani lenzi ina tatizo, kaniambia niifute. Nikafuta, nikafuta. Haikuwa lenzi.

Jumanne, 25 Machi

Nimemweleza Mwalimu ukweli wote. Nilitaka nijue kamera kusudi nimuombe anichukue siku ile, nisimame nyuma huko, nimwone mwanangu akiolewa. Basi. Sitasema neno.

Kakasirika. Kasema nimemjia kwa ujanja, na kama mama wa bibi harusi akinitambua, jina la studio limekwisha. Kweli tupu. Nikavua mkanda wa kamera, nikaiweka mezani, nikaenda zangu.

Uchungu wa mwana. Acha tu.

Jumamosi, 29 Machi

Mwalimu kaja saluni mwenyewe! Kasimama mlangoni, hakukaa. Msaidizi wake amejifungua mapema, hana mtu wa pili. Mimi nipige ukumbi, meza, wageni. Maharusi ni kazi yake. Kamera isitoke usoni. Mtu mwenye kamera, kasema, hakuna anayemtazama.

Nikataka kumshukuru. Naye kawahi kuondoka.

Jumamosi, 12 Aprili, asubuhi

Kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata. Nimeondoa masharubu ya miaka thelathini, na nimejikata kweli, chini ya pua. Kwenye kioo yuko mzee mwingine, mdomo mrefu, hana raha. Vizuri. Huyo ndiye atakayekwenda. Mimi nilimwahidi mwanangu siji.

Jumamosi, 12 Aprili, stoo ya ukumbi

Niko kati ya viti vilivyopangwa, naandika haraka.

Mwanzo mambo yalikwenda. Nimemwona akiingia na Mhasibu, mkono kwa mkono. Nilibonyeza tu, nilibonyeza tu. Mama yake kapita karibu yangu, kasema samahani mzee, unaziba njia. Hakunijua! Miaka kumi chumba kimoja, na kumbe alikuwa anayajua masharubu.

Halafu picha za bibi harusi peke yake, dirishani. Betri ya flashi ya Mwalimu ikaisha. Akanipungia nipige mbili tatu wakati anabadilisha. Binti kainamisha uso, macho yamo gizani. Ningesema inua kidogo. Sikusema, niliogopa sauti. Nikapeleka vidole viwili chini ya kidevu, nikauinua, nikaugeuza kwenye mwanga. Mkono ulikwenda wenyewe. Ndivyo nilivyokuwa namshika nikimnyoa, ameketi juu ya ubao kwenye kiti changu, kabla ya shule.

Kaganda. Hakunitazama usoni. Kautazama mkono. Machozi yakamwagika, poda yote chini. Mpambaji kaja mbio, mama yake nyuma: nani amemliza mtoto? Nani? Mwalimu kanishika bega, kanisukuma humu, kafunga mlango.

Nimeharibu. Siku moja tu aliyoniomba, nimeiharibu.

Mwalimu karudi. Anasema picha ya familia imekwama. Wote wamejipanga, mama mtu na Mhasibu wake wako mstari wa mbele, bibi harusi hataki. Anamtaka yule mpiga picha mzee.

Nikasimama, nikaangalia betri, nikauliza niweke tundu namba ngapi kwa watu wengi vile.

Mwalimu katikisa kichwa. Kasema: anataka uje bila kamera.

Amenyoosha mkono, anangoja nimpe. Mama yake namsikia hadi huku, anauliza ni mzee gani huyo. Kama binti anataka kunifukuza, si angemtuma mtu? Nimemwambia Mwalimu nivumilie, namalizia mstari. Mkanda uko shingoni bado, na vidole havitaki kuuvua