Ukungu Nyuma ya Kiini

Jumatatu, 4 Machi

Kompyuta imelitupa tena kundi langu la galaksi. Mimi naliita kundi, wengine wote wanaliita nukta. Kwenye picha za eksirei kundi huonekana kama ukungu mpana. Lakini katikati ya hili kuna galaksi moja ambayo kiini chake kinawaka vibaya mno, ukungu wote unamezwa. Programu inaona nukta, inasema si kundi, inapita. Msimamizi kasema katalogi, orodha yetu ya makundi, inafungwa Ijumaa, nisimzungushe. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumanne, 5 Machi

Mama kapiga simu. Kauliza, mbona sauti yako imekauka? Nikamweleza: ni kama kutafuta watu waliosimama nyuma ya gari lililowasha taa kali. Akasema, basi zima hizo taa, mwanangu. Nimecheka peke yangu korido nzima. Ila ndiyo kazi yenyewe — kuuondoa mwanga wa kiini kwenye picha, nione kinachobaki.

Jumatano, 6 Machi

Nimekiondoa. Ukungu umebaki! Nikazunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha nikamwita Miwani, jirani yangu wa dawati. Kaangalia, kakuna kidevu. Huenda ni vioo vya darubini tu, kasema, vinautawanya mwanga wa kiini. Kweli: nikiondoa zaidi, ukungu unakwisha. Nikiondoa kidogo, upo. Sasa kipimo ni kipi? Hamu yangu?

Alhamisi, 7 Machi

Sikai, sisimami. Miwani kakumbuka darubini nyingine, yenye jicho kali zaidi, iliwahi kupiga picha upande uleule wa anga. Kaiomba picha hiyo. Msimamizi naye kaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, kwamba nikikosea hapa, hata makundi mengine niliyoyapata hakuna atakayeyaamini. Jasho langu lote limo humo.

Ijumaa, 8 Machi

Picha imefika asubuhi. Kiini kimejikusanya, kitone kimoja tu. Nimekiondoa. Ukungu upo, mwembamba, umeegemea upande mmoja — mwanga wa vioo ungekizunguka kiini sawasawa. Au kuna kiini kingine kidogo kimejibanza humo.

Msimamizi kaingia, koti mkononi, akielekea kikaoni kufunga katalogi.

"Nukta au kundi?"

"Bado sijui."

Kainama kwenye skrini. Koti kaliweka kitini.

"Ondoa tena. Polepole, nione."

Naandika haya kompyuta ikihesabu. Kikaoni wameshatuma mtu kumwita mara mbili. Hajageuka.